Maotea ya Mama Wanzagi

Jumamosi asubuhi Mama Gody alifagia uwanja wa mbele wa nyumba yake ya Buhare mpaka michirizi ya ufagio ikaonekana kwenye udongo, kisha akauegemeza ufagio ukutani na kwenda uani, chini ya mkuyu, ambako hafagii. Huko majani makavu yamelala tangu mwaka juzi, tabaka juu ya tabaka. Majirani walishasema mpaka wakachoka. Mwanamke mwenye afya yake anaachaje takataka nyuma ya nyumba, nyoka je? Mama Gody aliwajibu kwamba nyoka akija atampa kiti, na mazungumzo yakaishia hapo.

Chini ya majani yale ndipo yalipotokea maotea. Maotea ni mimea inayojiotea: hukuipanda, hukuialika, imekuja. Ya Mama Gody yalikuja ndani ya ndoo. Mama mkwe wake, marehemu Mama Wanzagi, alikuwa na kipande cha msitu nyuma ya mji wake kule Butiama, kivuli kizito chenye maua ambayo hufa wakati wa kiangazi, mizizi ikabaki chini, na mvua ikirudi nayo yanarudi pamoja na watoto wao. Matanga yalipoanuliwa tu, Wanzagi, mwanawe wa kwanza, alikata miti yote akapanda mihogo. Mama Gody aliwahi kuchota ndoo moja ya udongo mweusi kabla jembe halijafika, akaja kuumwaga chini ya mkuyu. Hakufanya zaidi ya hapo.

Mengine yote alishafundishwa. Using'oe kitu mpaka kitoe jani la tatu, maana mwanzoni miche yote hufanana. Sugua jani, unuse. Papasa shina ujue kama ni la mviringo au lina pembe. Ua likikauka usilikate, liache limwage mbegu. Mama Wanzagi alimfundisha haya wakiwa wamepiga magoti pamoja, wala hakumcheka kwamba ametoka kwa wavuvi wa Majita, ambako mtoto anawajua samaki wote kwa majina na hajui gugu hata moja.

Mvua za vuli zilipoanza, miche ilichipua, ila yote ilikuwa imeinama. Mmoja uliokuwa karibu na kamba ya nguo uliinama mpaka ncha ikagusa chini. Ulipata maji, ukapata jua, ukazidi kuinama. Mama Gody alikuwa akianua shuka alipousema: "Na wewe umejikunja hivyo utafikiri Mzee Mwandu." Mche ukasimama. Mzee Mwandu alikuwa baba mkwe wake, na mgongo ulimtesa hadi alipokufa.

Alimaliza kuanua. Kule Butiama, mtoto mchanga akilia asinyamaze, wazee huketi na kumtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na likitajwa la kwake hunyamaza akashika ziwa. Gody mwenyewe alilia mpaka sauti ikamkauka, akaja kunyamaza kwenye jina la babu ya babu yake. Kwa hiyo Mama Gody aliziweka shuka ndani, akarudi uani, akaanza kutaja. Shangazi aliyekufa kwa surua alisimama karibu na tangi la maji, na baadaye akatoa maua madogo ya zambarau. Baba mdogo aliyepigwa na radi alisimama ghafla, bila kusubiri jina limalizike. Huyo alitoa ua jekundu la mviringo, kubwa kuliko kichwa cha mtoto.

Mumewe, Apolinary, aliporudi kutoka gereji ya Mukendo, aliegesha baiskeli, akauamkia mche wa kwenye kamba, "Shikamoo baba," akanawa mikono, akauliza kuna mboga gani.

"Mwambie baba asiegemee huku," alisema wakila. "Kamba itamkata."

Ukabaki mche mmoja umeinama. Uliota mlangoni kwa jiko, ukawa na majani mapana yenye manyoya laini, na moshi ukitoka uliugeuzia mgongo. Mama Gody aliujua kabla hata ya jani la tatu. Alifuta mikono kwenye kitenge, akachuchumaa.

"Mama Wanzagi," aliita. "Karibu, mama."

Haukusimama. Akaita Mama Apolinary. Akaita Bibi Gody, akaita mama, akaita mama mkwe. Akaita Consolata, jina alilobatizwa na padri wakati wa ugonjwa wake wa mwisho. Kwa Consolata jani moja liliinuka, likasikiliza, likashuka.

"Baba Gody," alisema usiku huo wakitandika kitanda, "mama yako alikuwa anaitwa nani?"

"Mama."

"Jina lake."

Apolinary aliiweka foronya kitandani. "Sisi tulikuwaga tunamwita mama. Mzee naye alikuwaga anamwita Mama Wanzagi. Ngoja nimpigie kaka."

Kaka mtu, kwenye simu, alisema, "Jina la mama? Si Mama Wanzagi? Hata kwenye msalaba tumeandika hivyo."

Wala usimlaumu Mama Gody kwa kutojua. Kumuuliza mama mkwe jina lake ni kukosa adabu, na yeye hakulelewa hivyo. Lakini masika yalikuwa yanaisha. Mimea iliyosimama ilikuwa imeshachanua na kukomaza mbegu, imeanza kuwa ya njano, inajiandaa kulala chini mpaka vuli. Ule wa mlangoni kwa jiko haukuwa na ua. Usiotoa ua hautoi mbegu, na mzizi ambao haujashiba hauamki tena. Mama Wanzagi angekauka pale mlangoni, akaisha.

Na Mama Gody alikuwa na deni kwake lisilolipika. Alipoolewa alikaa miaka bila mimba. Ukoo ulikaa kikao kuzungumza habari ya kumrudisha kwao. Mama Wanzagi aliingia katikati ya wanaume akiwa na udongo magotini, akaita kwa sauti: "Mama Gody! Njoo unisaidie kubeba maji." Wote wakageuka kumtafuta huyo Mama Gody. Hakuwepo Gody, wala dalili yake. "Mnamshangaa nani?" alisema. "Anayetaka kumfukuza mama wa mjukuu wangu aanze na mimi." Kuanzia siku hiyo aliitwa Mama Gody, na Gody mwenyewe alikuja baadaye sana, akakuta jina limeshamtangulia. Ndiyo maana hakutaka kukaa amtazame akikauka.

Akaenda Butiama. Wanzagi alimpokea vizuri, akamchinjia kuku. Ni mtu mwema, kila mtu atakwambia. Mihogo ilikuwa imejaa mpaka ukingoni mwa kaburi. Kwenye msalaba wa saruji palisomeka MAMA WANZAGI, kwa herufi nzuri zilizopakwa rangi ya buluu.

"Shemeji, hukuona vibaya kuukata ule msitu wa mama?" aliuliza.

"Msitu gani? Yalikuwa majani tu yale," alisema Wanzagi, akamwongezea kipapatiko. "Ukitaka jina, nenda Bunda kwa dada yake. Kama hajasahau."

Dada mtu aliishi nje kidogo ya Bunda, kwenye nyumba iliyozungukwa na pamba. Ilibidi amuulizie kwa jina la Mama Machage, maana jina jingine hakuna aliyelijua. Alimkuta bibi ameketi barazani anachambua pamba kwa vidole, macho yamefunga ukungu.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Nani?"

"Mke wa Apolinary. Mama Gody."

"Aaa, yule wa kwenye maji! Karibu mwanangu. Mdogo wangu alikuwaga anakusifia mpaka tunachoka."

Mama Gody alimweleza kuhusu mmea. Bibi alisikiliza, akauliza kama majani yana manyoya, na kama unaugeuzia moshi mgongo. Aliposikia ndiyo, alicheka. "Ndo mwenyewe. Moshi alikuwaga hapatani nao tangu msichana. Robi. Anaitwaga Robi. Mwandu alipomtoa nyumbani, nami nikaacha kumwita, maana ningemwitia wapi?"

Mama Gody alishukuru kwa mikono miwili. Alikuwa ameshainuka alipokumbuka jambo. "Na wewe mama, jina lako nani?"

Vidole vya bibi vilisimama kwenye pamba. "Mie?" Alifikiri. "Mie. Ngoja kwanza." Alifikiri sana, akaangalia upande wa shambani, akaguna. Mama Gody alisubiri, kisha akaaga, maana safari ilikuwa ndefu. Alikuwa ameshafika kwenye barabara ya vumbi aliposikia sauti ikimfuata juu ya pamba: "Nyangeta! We mama! Mie Nyangeta!"

Alifika Buhare jua limeshuka. Hakuvua viatu. Alichuchumaa mlangoni kwa jiko, akasema kwa adabu, kwa sauti ndogo, maana mkwe ni mkwe: "Robi."

Mmea ulisimama. Ulisimama polepole, kwa vituo, jinsi mtu mzima anavyoinuka kwenye kigoda, na ulipofika juu ulimpita Mama Gody magotini. Asubuhi ulikuwa na ua jeupe lenye koo la njano. Mama Gody alikaa mbele yake akalia, akamshukuru kwa ajili ya Gody, na kwa ajili ya kile kikao, na kwa ajili ya jani la tatu, alichokumbuka chote. Apolinary alikuja na chai yake, akasimama. "Shikamoo mama," alisema. Kisha, kwa kujaribu: "Robi." Ua likamgeukia. Alikunywa chai yake pale pale, mpaka akachelewa gereji.

Jioni alimpigia kaka yake. Wanzagi alifurahi kweli. "Robi! Kumbe! Jina zuri." Kuhusu msalaba alisema saruji imeshakauka, na hata wakibadilisha watu watauliza huyo Robi ni nani. Msitu nao hakuutaja. Mihogo ilikuwa imekubali, alisema, mwaka ujao anaongeza.

Kiangazi kilipoingia, Robi alimwaga mbegu mpaka kwenye uzio, na jirani wa upande wa pili alikuja kuomba chache. Huyu ni Mama Gloria, yule wa maneno ya nyoka. Mama Gody alimkusanyia kwenye gazeti, akamwambia asifagie pale atakapozimwaga, na asing'oe kitu kabla ya jani la tatu.

"Halafu," alisema, "tumekaa hapa tangu watoto wananyonya. Jina lako nani?"

Mama Gloria alilishika gazeti kifuani. "Euphrasia," alisema, na mgongo wake ukanyooka kidogo.

"Mimi Pelagia."

Walitazamana pale chini ya mkuyu, wakaanza kucheka wote wawili.

"Mama Gody!" aliita Apolinary kutoka jikoni. "Chumvi iko wapi?"

Pelagia akaenda kumwonyesha.