Siku Sindano Alipovuta Ngazi

Mtaa mzima ulimwita Mwenyewe, na jina hilo alijibatiza kwa mdomo wake. Ukimwambia bati limetoboka atafute fundi, anakujibu, "Nitapanda mwenyewe." Bomba likivuja, "Nitaziba mwenyewe." Kazini alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha magodoro, mtu wa kushinda kitini, lakini akivuka lango la kwake tu, anakunja suruali na kushika nyundo. Nyumba ile yeye na mkewe waliijenga kwa kujinyima, chumba baada ya chumba, na hakutaka mkono wa mgeni uiguse.

Kazi zake zilikuwa na visa vyake. Swichi ya sebuleni ndiyo iliyowasha taa ya chooni, na aliyekuwa chooni ilibidi aimbe ili asizimiwe taa. Mlango wa jikoni aliupachika ukafungukia upande usio wake, ukawa unalipiga friji kumbo kila unapofunguliwa. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kwa wembamba wake na makali ya ulimi wake watu walimwita Sindano. Aliwaambia wateja, "Kwangu ukitaka kwenda chooni, aga kwanza sebuleni." Mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka. Mtu wa namna hiyo, asiyenuna ukimcheka, ni vigumu kumkatalia jambo.

Basi maji ya tangi yakaanza kunuka. Tangi lilikuwa chini ya ardhi, nyuma ya nyumba: chumba cha zege kilichompita mtu kimo, na juu yake tundu la mraba lenye mfuniko wa chuma, la kutosha mtu mmoja kupita akijibana mabega. Licha ya kunuka, maji yalikuwa yanapungua bila kutumika. Mwenyewe akasema kuna ufa. Atayavuta maji yote, asugue kuta, azibe kwa saruji.

"Si umwite yule fundi wa matangi?" Sindano alimwambia wakinywa chai. "Mwenzio ana vifaa."

"Vifaa gani? Ndoo na brashi? Hata mimi ninavyo."

"Lile shimo mimi silipendi."

"Hulipendi kwa sababu hujawahi kuingia. Zege lile nilimwaga mimi, bibi wewe. Nalijua kila kona."

Pampu alikuwa ameshaipata. Mdogo wake, dereva wa lori la mchanga, alikuwa amemletea ile ya petroli wanayovutia maji machimboni. Jumamosi asubuhi Mwenyewe akaiweka kando ya tundu, akateremsha mpira, akavuta kamba ya injini, na maji yakaanza kumwagika mtaroni kwa kishindo. Yalipofika nusu, pampu ikaanza kufyonza hewa. Mpira ulikuwa mfupi, haukufika chini.

Mtu mwingine angetafuta mpira mrefu. Mwenyewe alishusha ngazi, akapanga matofali ndani ya tangi mpaka yakatokeza juu ya maji, akaishusha pampu kwa kamba, akaiweka juu yake na kuiwasha humo humo. Akatoka akikohoa, amefurahi kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Mbona linafuka moshi?" Sindano aliuliza kutoka barazani, cherehani yake ikiwa mbele yake.

"Si unaona unatoka? Ungekuwa hautoki ndio ungeogopa."

Alikaa ukingoni akipiga mluzi. Baada ya muda maji yakaacha kumwagika mtaroni, ingawa injini ilikuwa inaendelea kunguruma. "Mpira umeziba kwa tope," akasema, na akashuka kwenda kutazama.

Sindano alikuwa akishona sare za shule. Alimaliza kola moja, akaanza nyingine, na hapo ndipo alipogundua kwamba hasikii mluzi. Injini anaisikia, mluzi hausikii. Akaita. Akaita tena kwa sauti ya ugomvi, maana mumewe kwa kawaida alijibu haraka akigombezwa. Kimya. Akainuka, nyuzi zikiwa bado zimemning'inia kwenye gauni, akaenda kuchungulia.

Mwenyewe alikuwa amekaa chini ndani ya maji, ameegemea ukuta, kidevu kimelala kifuani kama mtu aliyepitiwa na usingizi kwenye kiti. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya kipandio cha chini cha ngazi. Pampu ilinguruma karibu na bega lake, na moshi ulimpanda Sindano usoni, mchungu, wa moto.

Alipiga yowe lililomtoa jirani yao, kinyozi, na mkasi mkononi. Kabla kinyozi hajafika, shemeji yake, yule mdogo wa Mwenyewe, aliingia langoni. Alikuwa amekuja kuchukua pampu. Alitazama tundu mara moja tu, akavua viatu, akashika ngazi.

"Shemeji, subiri, kuna moshi!"

"Nasubiri nini? Ni kaka yangu huyo!"

Akashuka kipandio cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tatu vidole vyake vikaachia. Hakulia, hakuita. Macho yalipanda juu na shingo ikalegea. Sindano alikuwa amejilaza kifudifudi, akamdaka kola, kisha mkanda, na kucha zikamng'oka huku akimvuta. Kinyozi akamshika kwapani. Walimburuta nje kama gunia la mkaa, wakambwaga juu ya majani. Alitapika, akajishika kichwa, akatazama huku na huko kama hajui yuko kwa nani.

Kisha akakumbuka. Akasimama akiyumba.

"Niacheni! Narudi!"

"Hurudi," Sindano alisema.

"Atakufa! Shemeji, niachie, atakufa!"

Kinyozi alikuwa mzee, na shemeji mtu alikuwa na mwili wa kubeba mchanga. Hakuna ambaye angemzuia kwa nguvu. Sindano hakuwa amesoma lolote juu ya moshi wa injini. Alichokijua ni kile alichokiona kwa macho yake: mtu akiumia hupiga kelele, na hawa wawili hawakupiga. Kitu kilichokuwa mle shimoni kilichukua watu kimyakimya, na kilikuwa hakijashiba. Akaishika ngazi kwa mikono miwili, akaivuta.

Ilipoanza kupanda, mkono wa mumewe uliteleza kutoka kwenye kipandio, ukatumbukia majini. Sindano aliuona. Aliendelea kuvuta mpaka ngazi yote ikatoka, akaitupa nyuma yake, akaikalia.

Shemeji alipiga magoti akalia. "Umemuua," akasema. "Umemuua kaka yangu."

Kinyozi alikuwa ameshapiga simu zimamoto. Wakati wakisubiri, Sindano hakukaa bure, ingawa baadaye watu walisema alikaa. Alimwachia kinyozi ngazi, akafunga kitanzi kwenye kamba ya kuanikia nguo, akalala tena ukingoni akigeuza uso pembeni kutafuta hewa, akakirusha. Kilimwangukia Mwenyewe begani, kikateleza. Akakirusha tena, kikamshika kichwani, naye akaogopa kumnyonga akivuta. Injini ikazimika yenyewe. Binti yake, msichana mkubwa wa sekondari aliyekuwa akipiga pasi ndani, alisimama mlangoni mwa jikoni asiweze kusogea mbele wala kurudi nyuma.

Zimamoto walikuja na mitungi ya hewa mgongoni na vinyago usoni. Walimtoa Mwenyewe kwa mikanda, maji yakimchuruzika, wakamkandamiza kifua pale pale kwenye majani, wakampeleka hospitali mbio. Ilikuwa bure. Mkuu wao, jasho likimtoka, alimvuta Sindano pembeni ya gari pale hospitali. "Mama, hizi kazi tunazijua. Anashuka mmoja, anafuata wa kumwokoa, anafuata wa tatu. Leo ningebeba maiti mbili." Alimwambia hayo kwa sauti ya chini, kwa heshima ya msiba. Hakuna mwingine aliyeyasikia.

Kwenye msiba, mama mkwe wake alikaa na wanawake wa ukoo, na Sindano alipomwendea kumpa mkono, aliukunja wake ndani ya khanga.

"Mwanangu alikuwa chini," akasema mbele ya watu wote, "na huyu akavuta ngazi."

Neno hilo halikuhitaji kuongezewa. Kinyozi naye hakuwa mtu mbaya, ila kiti chake hakikosi mteja, na mteja hukaa akitaka habari. Alisimulia alichokiona, na alikisimulia kweli: mume ndani, mke juu, ngazi ikatoka. Hadithi ilipofika kona ya pili ya mtaa, shemeji aliyetapika majanini alikuwa ameshaachwa njiani, ikabaki ngazi tu. Wateja wa cherehani walipungua. Waliobaki walimtazama mikono alipokuwa akiwapima.

Aliyeweza kulinyoosha jambo lile alikuwa mtu mmoja, naye alinyamaza. Shemeji alikaa kando ya mama yake siku zote za msiba, kichwa chini. Kila mara Sindano alimtupia jicho, na kila mara shemeji aliyahamisha macho yake.

Alikuja baada ya msiba kwisha, mchana, akasimama barazani bila kukaribishwa.

"Shemeji, najua unanisubiri niseme."

"Nilikusubiri. Nimeshachoka."

"Nilipofika kipandio cha tatu sikuwa na miguu." Alikuwa akiongea na sakafu. "Nilisikia usingizi. Usingizi mtamu, shemeji. Mpaka leo naogopa kulala."

"Hayo mwambie mama yako."

"Nikimwambia, atauliza pampu aliileta nani."

Sindano aliacha kushona.

"Ana hasira, lazima aipeleke kwa mtu," shemeji aliendelea. "Kwa kaka hawezi, yuko kaburini. Kwangu hataki, mimi ndiye mwana niliyebaki. Wewe… wewe ni mtoto wa watu."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kubebeshwa."

Sindano alimnyooshea mkono, kucha zikianza kuota upya, za mawimbi na mbaya. "Hizi nimeziacha kwenye mkanda wako. Nenda zako, shemeji. Nenda kabla sijakutukana."

Alikwenda. Siku chache baadaye alirudi, safari hii hakupita lango. Alisimama nje na kuongea kupitia vyuma.

"Nimemwambia."

"Kasema nini?"

"Kasema, 'Kwa hiyo wote wawili mlimwacha.'"

Tangu hapo shemeji naye hakuitwa tena kwa mama yake. Wakati mwingine alikuja kukaa barazani kwa Sindano bila la kusema, na Sindano alimpa chai bila la kumuuliza. Hakuna aliyemsamehe mwenzake. Hawakuwa na pengine pa kukaa.

Sindano aliita fundi wa matangi akalijaza lile shimo kifusi, akaweka tangi la plastiki juu ya nguzo. Akaita na fundi umeme aipitie nyumba nzima. Fundi huyo alifungua ukuta wa bafu, akatoka na kipande cha waya uliochubuka, akakishika mbali na mwili kama anayeshika nyoka. "Huu ulikuwa unagusana na bomba la kuogea," akasema. "Mna bahati ya ajabu humu ndani." Sindano alimshukuru, akamwacha aendelee, akaingia chumbani na kufunga mlango. Humo, kwa mara ya kwanza tangu maziko, hakulia. Alimtukana mumewe kwa jina lake halisi, matusi yote aliyoyajua, moja baada ya jingine, mpaka sauti ikamkauka.

Jioni moja yeye na binti yake walikuwa wakimalizia sare za wateja, mama akikata nyuzi, binti akipiga pasi. Binti aliuliza bila kuinua macho.

"Mama, ulipovuta ngazi, baba alikuwa bado hai?"

Mkasi ulisimama. Sindano angeweza kusema hapana. Alikuwa ameliandaa jibu hilo tangu zamani, na lingemfaa kila mtu. Lakini aliuona ule mkono ukiteleza, na hakujua, hata sasa, kama ulikuwa umeshika au umelala tu.

"Sijui, mwanangu."

"Na ungejua kwamba yu hai?"

"Baba yako mdogo alikuwa anarudi chini. Ningeivuta tu."

Binti aliiweka pasi wima. Sindano alingoja ainuke aende chumbani, au kwa bibi yake, au popote ambapo mtoto huenda akishasikia neno kama hilo. Hakuinuka. Alichovya vidole kwenye bakuli la maji, akainyunyizia kola, akaendelea.