Moja, Tatu, Tano za Nyange

Nyange alirudi Wete kutoka semina ya wiki mbili Unguja akiwa na cheti, daftari na mabega mapya. Klabu yao ya taarab ilikuwa ikipiga kinanda tangu baada ya Mapinduzi bila fomula yoyote, jambo ambalo sasa lilionekana aibu kubwa.

"Washika sauti ya kwanza ya ngazi, ile do-re-mi," aliwaeleza wenzake, "waruka moja, washika ya tatu, waruka tena, washika ya tano. Wazipiga pamoja. Kwisha kazi."

Akazipiga. Radhiya, aliyekuwa aongoze wimbo kwa mara yake ya kwanza, kwenye harusi ya Gando, akafungua kinywa na sauti ikagoma kukaa. Kila akiutuliza wimbo, kinanda kinamvuta kwengine. Kwa upole wote wa mtu mwenye cheti, Nyange akamwambia sauti yake imeharibika. Wiki nzima Radhiya alikunywa tangawizi, akaacha hata kuimba jikoni. Ilimuuma sana.

Alhamisi alisimama nyuma ya Nyange akatazama vidole. Fomula haikuwa na kosa. Ila mheshimiwa alikuwa akihesabu kutoka kulia kwenda kushoto, kama anayesoma msahafu.

"Nyange, hivyo washuka. Ngazi yapanda huku."

Akaanzia kushoto, akabonyeza do, mi, sol, akaimba juu yake. Sauti ilikuwa nzima kabisa. Nyange akatazama mlango.

Radhiya akalipeleka suala kwa kamati. Mwenyekiti, Mzee Ngwali, mtu wa haki, akasema hataki maneno, atahakikisha mwenyewe. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye do, akahesabu taratibu, kutoka kulia.

"Hesabu ya Nyange sahihi, mwanangu. Koo lako ndilo bovu."

Nyange, ambaye sasa alijua, alinyamaza kwa heshima. Wimbo akapewa Mwanapili, mwimbaji mwengine wa klabu.

Huko Gando, ubeti wa kwanza tu, Mwanapili akaanza kuyumba, akajishika koo. Radhiya alikuwa ameketi na wanawake wenzake, na kusema kweli moyo wake ulifurahi kidogo. Kisha akaona machozi yanamlenga mwenzake. Akainuka, akaenda mpaka kwenye kinanda, akachomoa waya wake wa umeme mbele ya Nyange na cheti chake.

"Imba," akamwambia Mwanapili. "Koo lako zima, na langu zima."