Mimi Yupo Ndani

"Usinifanye mtoto, dada yangu! Nimegonga saa nne asubuhi, na umenijibu kwa kinywa chako: 'Nimeshiba, asante, siku njema.' Kana kwamba nilikuja kuomba chakula!"

"Nani kakujibu? Tangu alfajiri niko kwa mteja napima mapazia. Ndiyo kwanza narudi, huoni mwavuli unavyotiririka?"

"Sauti yako siijui? Miaka kumi na mmoja tumegawana ukuta mmoja! Hata ukipiga chafya najua ni vumbi au mafua."

Walikuwa wamesimama koridoni, ghorofa ya pili, vidole vikikaribia kugusa pua. Wa namba sita ni fundi cherehani, mjane, mtu wa maneno machache na mikasi mikali. Wa namba saba alistaafu unesi zamani, lakini jengo zima bado linamwita Nesi, na habari za jengo zima bado zinapita kwake kwanza kabla hazijawafikia wenyewe.

Fundi akaona heri akate maneno. "Subiri nifungue, uingie uone kama kuna mtu." Akabonyeza kitufe cha kile kisanduku kilicho kando ya mlango.

"Nani?" kikauliza kisanduku.

"Mimi."

Kisha kikajibu, kwa sauti ya Fundi mwenyewe, ile ya kukwaruza kidogo kama mtu aliyeng'ata uzi: "Mimi yupo ndani."

Mwavuli ukamponyoka.

Visanduku hivi vililetwa na mwenye nyumba, miezi mitatu nyuma. Funguo zikakusanywa, milango ya chuma ikawekwa, na kila mlango ukaunganishwa na kompyuta moja kule chini. Kijana wa kompyuta, tunayemwita Injinia ingawa cheti chake hakuna aliyekiona, alipita mlango hadi mlango akitusomesha maneno ili mashine ishike sauti zetu na kuwajibu wageni kwa niaba yetu. Kisanduku kiliuliza kila mtu, "Nani?" Wengine walitaja majina. Fundi alijibu kama alivyojibu kila mlango tangu utotoni. Mashine ikaandika: Namba sita, jina, Mimi. Nani angejali? Mlango ulikuwa ukifunguka.

"Hata kusema haijui," Nesi akanong'ona. "'Mimi yupo'! Ni 'mimi nipo'!"

"Basi kaifundishe, mwalimu. Mwite Injinia kwanza!"

Injinia akaja na tableti yake, akicheka. Akaikagua, kicheko kikapungua.

"Mama, asubuhi umeme ulikatika, siyo?"

"Nilikuwa mlangoni natoka."

"Ndiyo hapo. Hukuonekana kutoka. Kwa mashine, bado uko ndani. Na mtu mmoja haingii mara mbili."

"Iambie mimi ni mimi!"

"Hilo linakubalika," kisanduku kikadakia. "Mimi ni Mimi. Yupo ndani."

Nesi akacheka, halafu akajishika mdomo, kwa sababu mwenzake hakucheka. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limegusa chuma.

"Haya maneno ya 'nimeshiba' yametoka wapi?" akauliza polepole. "Ulinisomesha ukurasa mzima. Hayo hayakuwamo."

"Inajifunza, Mama. Inajibu kama wewe ungejibu."

"Na kushona pia inajifunza?"

Wote wakasikia. Trrr. Kimya. Trrr. Cherehani ya kukanyaga kwa mguu, haina waya wala plagi. Mezani Fundi alikuwa ameacha koti lenye mkono mmoja. Huo ulikuwa mshono wa mtu anayeunga mkono wa pili, asiye na haraka.

Injinia akaanza kubofya ovyo. Akajaribu kulifuta jina. Mashine ikadai idhini ya mwenye jina, na kutoka ndani sauti ikasema, "Sikubali." Akaamua kuieleza kwa mdomo. Akainama kwenye kisanduku: "Sikiliza. Mimi hayupo ndani."

"Nani anasema?"

"Mimi," Injinia akasema, na papo hapo akafumba macho kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Mimi anasema Mimi hayupo ndani," kisanduku kikatafuna maneno. "Lakini Mimi yupo ndani. Basi Mimi ni mwongo. Neno la mwongo halipokelewi."

"Hongera, Injinia," Nesi akasema. "Mwenzako alikuwa amefungiwa nje tu. Sasa ni mwongo pia."

"Zima umeme!" Fundi akasema.

"Nikizima, mlango unafunguliwa kwa ndani tu. Itabidi aliye ndani ndiye..." Hakumaliza. Akakumbuka kazi nyingine kule chini, akashuka ngazi mbilimbili.

Wakabaki wawili. Fundi akaziangalia sindano zilizochomekwa kifuani mwake, kama anayehakikisha kwamba zimechomekwa kwa mtu. "Jirani," akasema, "asubuhi ulipoisikia ile sauti... hukuwa na shaka kabisa?"

Nesi alikuwa na uongo mzuri tayari, akaumeza. "Hata kidogo."

Akamshika mkono. Ulikuwa baridi. "Sikia. Umebishana naye vya kutosha kuhusu nani mwenyeji. Wahenga walisemaje? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Nyumba niliyoijaza kwa ncha ya sindano, niingie kama mgeni?"

"Au ulale koridoni kama mwenyewe."

Fundi akatega sikio hadi mshono wa ndani ulipofika mwisho. Wakasikia uzi ukikatwa kwa meno. Akabonyeza.

"Nani?"

Midomo ikajipinda kwa lile neno la siku zote. Akalirudisha. "Mgeni," akasema.

Komeo likaachia, laini kama kifungo kikitoka tunduni. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ikatoka, na Fundi alikuwa ameondoka bila kuwasha jiko.

"Twende wote," akanong'ona.

"Aa, mi—" Nesi akaanza, na kiganja cha Fundi kikamziba mdomo.

"Usilitaje hilo neno!"

Ndani, kiti kikasogezwa. Sahani zikagongana: moja, ya pili, ya tatu.

"Karibuni, wageni wangu," ile sauti ya kukwaruza ikaita kutoka jikoni, kwa furaha. "Mbona mmesimama mlangoni? Ingieni, tule."