Hakuna Aliyemwambia Waiyego

Waiyego alipata habari za kufutwa kwake kazi kutoka kwa mteja.

Asubuhi hiyo alikuwa amepanda pikipiki ya kampuni yao ya mikopo hadi Kiplombe, nje ya Eldoret, kumwona Mama Chelimo, mjane aliyenunua ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, kwa mkopo ambao Waiyego mwenyewe alimsaidia kuupata. Kwa kawaida alikaribishwa chai kabla hajavua helmeti. Siku hiyo mama aliendelea kukamua, macho chini, kisha akafuta mikono kwenye leso na kumpa simu asome.

Ujumbe ulitoka kwa kampuni. Ulisema Waiyego si mfanyakazi wao tena, mteja asishughulike naye.

"Umefanya nini, msichana wangu?" Mama Chelimo akauliza.

Waiyego akausoma ujumbe tena. Wiki iliyotangulia wafanyakazi wote wa tawi la Eldoret walikusanywa mbele ya kompyuta moja kumsikiliza mkubwa aliyekuwa Nairobi. Aliongea kuhusu mwelekeo mpya, akasema wao ni familia, halafu mtandao ukakatika. Uliporudi, mkutano ulikuwa umekwisha. Meneja wao, Kuria, aliwaambia waendelee na kazi, na Waiyego akaendelea.

Sasa alimpigia Kuria akiwa pale pale karibu na zizi. Kuria akasema hajui lolote, atauliza. Aliongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha, na jioni hakushika simu tena.

Kesho yake Waiyego alitoka kwake Yamumbi amevaa fulana ya kampuni kama siku zote. Mashine ya mlango wa ofisi ikakataa kidole chake. Mabonga, askari wa mlango, akamwomba asubiri nje.

"Kwani nimefutwa?"

"Madam, mimi nimeambiwa habari ya kidole tu."

Akapiga simu makao makuu Nairobi. Dada aliyepokea alimtafuta kwenye kompyuta, akamwambia kwa upole kwamba bado yuko kazini, tena akataka kujua mbona leo hajaripoti. Waiyego aliketi kwenye benchi la nje. Kama amepigwa kalamu, si aambiwe? Na kama hajapigwa, si afunguliwe mlango?

Akaenda ofisi ya leba, ile ya serikali inayoshughulikia haki za wafanyakazi. Afisa akamwomba barua ya kufutwa. Alipojibu hana, akaambiwa kwamba bila barua yeye bado ni mfanyakazi, arudi akaripoti kila asubuhi, ili kampuni ionekane ndiyo inayomzuia. Basi akarudi kwenye benchi. Wateja waliomfahamu walimpita bila kujua kama wamsalimie.

Siku moja Kuria naye akaja, akaweka kidole kwenye mashine, akakiweka tena, kisha akaja kuketi kando yake. Waiyego alikuwa amemwekea maneno makali, lakini alipomwona hivyo yakamtoka kichwani.

"Ulijua?" akamwuliza.

Kuria alikitazama kidole chake. "Niliambiwa nisiwaambie," akasema. "Lakini sikuambiwa ni nini hasa nisiwaambie."

Waiyego hakujua kama amwamini. Alisogea kidogo ampe nafasi.

Barua ya kampuni ilikuja alipokuwa ameshaacha kuisubiri. Iliandikwa tarehe ya kabla ya ule mkutano, nayo ilimshukuru kwa kukubali kuondoka kwa hiari yake. Akaisoma tena na tena, akitafuta mahali alipokubali. Alimpigia Kuria, naye akamwambia yake inasema hivyo hivyo, neno kwa neno.

Akaipeleka kwa yule afisa wa leba. Afisa aliisoma yote polepole, akavua miwani na kumtazama.

"Sasa mama, mbona ulikubali?"

Waiyego akaweka kidole kwenye tarehe ya barua, aanze kueleza.