Zamu ya Yoramu

Shirika la mifugo lilipouzwa kwa mtu binafsi, Elieza alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa kazi. Ujana wake wote aliumalizia kuogesha ng'ombe na kuwachanja, na hakujua kazi nyingine. Wenzake wengi walirudi vijijini kulima. Yeye alichukua kiinua mgongo chake, akapanda basi hadi Dodoma, akarudi Mpwapwa na televisheni ya rangi, deki na boksi la mikanda ya video. Sebule ya nyumba yake akaitoboa mlango wa kutokea barabarani, akapanga mabenchi, akaziba madirisha kwa magunia. Banda la video likaanza.

Jioni walikuja vijana kutazama filamu za ngumi. Mchana hapakuwa na mtu, mpaka mkewe, Tabu, aliyekuwa akiuza mitumba sokoni, alipompa wazo.

"Weka katuni," alimwambia. "Akina mama pale sokoni hawana pa kuwaacha watoto. Hata huyu Yoramu wetu ananisumbua. Siwezi kupima mtu gauni huku yeye anavuruga mzigo."

Elieza akatafuta mikanda ya katuni, na haukupita muda mabenchi yakajaa. Akina mama walipita asubuhi wakielekea sokoni, wakawaacha watoto mlangoni, wakawachukua jua likianza kupoa. Ndani palikuwa na giza na ubaridi. Watoto walikaa wakiwa wamebanana, midomo wazi, wakitazama wanyama wa rangi wakifukuzana. Mnyama mmoja akiangushiwa jiwe anakuwa bapa kama karatasi, kisha anajitikisa, anasimama mzima, na mbio zinaanza tena. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Hakuna mtoto aliyeyaelewa, wala hakuna aliyeyahitaji.

Yoramu alikuwa hajatimiza miaka sita. Tofauti na watoto wengine, yeye hakuwa na mtu wa kuja kumchukua, kwa sababu banda lilikuwa kwao. Alikaa benchi la mbele tangu asubuhi, na uji aliletewa palepale. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa maneno mengi. Alimuuliza kila mpita njia anakokwenda, na alijua mbuzi wote wa babu yake kwa majina. Sasa ukimuuliza kama anataka chai au uji, alikujibu kwa mluzi mrefu wa kitu kinachoanguka kutoka juu, halafu akapiga kishindo kwa mdomo. Wateja wa jioni walicheka. Elieza naye alicheka, na wakati mwingine alimwita mwanawe mbele yao ili arudie.

Siku moja Tabu alimkuta nyuma ya jiko amechuchumaa mbele ya kuku wao mtetea. Mchi ulikuwa chini, kando yake.

"Umefanya nini?"

"Bado hajaamka," Yoramu alisema.

Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Tabu alimchapa viboko viwili vya mkononi, akamnyonyoa kuku, akampika. Walipokuwa wakila, Elieza alimsimulia shemeji yake kisa kile, na wote wakacheka.

Mwalimu Loisi, mama wa makamo aliyefundisha chekechea ya kanisani, ndiye pekee aliyekuja kusema jambo. Alimkuta Elieza akifuta vumbi kwenye deki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Elieza. Sitakukawiza. Nina watoto wanaoshinda hapa kwako siku za mapumziko. Nimeona kitu kwao. Mwenzao akianguka wakati wa michezo, hawaendi kumwinua. Wanacheka, halafu wanamtazama. Zamani walikuwa wanakuja mbio kuniita."

"Si ni watoto tu, Mwalimu? Watoto wamecheka siku zote."

"Wamecheka, ndiyo. Lakini na kulia walikuwa wanalia."

Elieza alimwambia kwamba yeye anauza burudani, hafundishi tabia, na kwamba asiyetaka mwanawe aje amweke nyumbani. Alisema kwa adabu. Mwalimu Loisi alimtazama Yoramu, ambaye hakuwa amegeuka tangu alipoingia, kisha akaaga.

Jirani yao upande wa chini alikuwa Halfani, mtu wa Kondoa aliyefanya biashara ya alizeti na karanga. Yeye na mkewe Kuluthumu walikuwa na mtoto mmoja, Sabrina, mdogo kidogo kuliko Yoramu. Watoto hawa wawili walikua pamoja. Waligawana miwa na kugombana, na wakapatana kabla mama zao hawajajua. Kuluthumu naye alikuwa akimpeleka Sabrina bandani kila alipokuwa na alizeti za kupepeta, na jioni watoto waliporudi uani waliendelea na yale waliyoyaona mchana.

Wakati huo Halfani alikuwa akiongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa linta, juu ya nafasi za madirisha, na matofali ya kuchoma yalirundikwa pembeni. Siku moja umeme ulikatika saa nne asubuhi, na Elieza akawatoa watoto wote nje. Yoramu na Sabrina wakaenda kwa Halfani.

Kuluthumu alikuwa akichagua mchele kibarazani. Alimsikia mwanawe akicheka nyuma ya nyumba. Akasikia ule mluzi wa Yoramu, mrefu, unaoshuka. Halafu akasikia kishindo, na safari hii hakikutoka mdomoni mwa mtu.

Alipofika, Yoramu alikuwa akishuka ukutani kwa kukanyaga mianya ya matofali, taratibu, bila haraka. Sabrina alikuwa amelala kifudifudi, tofali ubavuni mwake, mchanga ukigeuka mweusi chini ya kichwa. Yoramu aliinama akamvuta mkono.

"Amka, Sabrina," alisema. "Amka, sasa zamu yangu."

Kuluthumu hakuelewa maneno yale mpaka baadaye sana. Pale chini palikuwa na alama ya msalaba, kama ile ya katuni inayoonyesha jiwe litakapoanguka, iliyochorwa kwa mkaa juu ya bapa la saruji, na vidole vya Sabrina vilikuwa vyeusi kwa mkaa. Ni yeye aliyechora. Alijua pa kusimama. Alisimama akicheka, akamngojea Yoramu amalize ili naye apande.

Gari la misheni liliwachukua, Halfani na Elieza nyuma, Kuluthumu ndani na mtoto mapajani. Hospitali ya wilaya iliwaelekeza Dodoma. Elieza alivua shati lake alipoona kanga ya Kuluthumu imelowa, akalipitisha dirishani.

Sabrina hakufa. Walimrudisha Mpwapwa mvua za kwanza zilipoanza, mkono wa kulia ukining'inia, mguu ukiburuta, na maneno yote aliyokuwa nayo yakiwa yamepotea, isipokuwa sauti moja iliyokuwa na maana ya maji na ya mama kwa pamoja.

Elieza na Tabu walikwenda kwa Halfani kuomba radhi, Mwalimu Loisi akiwasindikiza. Walikaribishwa mkekani. Kuluthumu alikaa mlangoni, Sabrina amemlalia begani.

"Baba Sabrina," Elieza alianza, "tumekuja kuwaomba msamaha kwa alichofanya mtoto."

"Wa mtoto nimeshautoa," Halfani alisema. "Mtoto hana kosa. Na wewe, unaomba wa nini?"

Tabu alimgusa Elieza goti.

"Mimi sikumfundisha kupiga mtu," Elieza akasema.

"Sikusema ulimfundisha."

"Basi mnataka nifanye nini?"

Aliyejibu ni Kuluthumu, na hakumtazama Elieza. Alimtazama mwalimu.

"Nilimlipia mwenyewe, Mwalimu. Nilimsukuma pale mlangoni nikamwambia akae atulie. Na kweli alitulia. Nilikuwa nafurahi kwamba nina mtoto mtulivu."

Walikaa mpaka chai ikapoa, wakaondoka.

Banda lilifungwa. Tabu alidhani limefungwa kabisa. Lakini akina mama wa sokoni walianza kubisha hodi, kwanza kwa aibu, wakitoa pole, kisha wakiuliza kwa kuzungukazunguka, mwishowe waziwazi: atafungua lini, watoto wanawasumbua. Miongoni mwao walikuwamo waliokwenda kumjulia hali Sabrina wakalia machozi.

"Na wewe utafungua," Tabu alimwambia mumewe. Hakuwa akiuliza.

"Tutakula nini?"

"Nauza mitumba. Tutakula kidogo."

"Nisipofungua mimi, atafungua mwingine kule stendi. Watoto walewale, katuni zilezile."

"Afungue. Asiwe wewe."

Elieza alifungua wiki iliyofuata.

Siku zile Yoramu hakuingia bandani. Asubuhi alikwenda kusimama mbele ya nyumba ya Halfani, akamtazama Sabrina akitembezwa kibarazani na mama yake. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemkaribisha. Mchana mmoja alirudi akamkuta baba yake akirudisha mkanda nyuma.

"Baba, mbona Sabrina ameamka nusu?"

Elieza alibonyeza kitufe. Akamwambia akanawe miguu.

Baada ya mavuno Halfani aliuza nyumba, na vile vyumba viwili ambavyo havijamalizika, akahamisha familia kurudi Kondoa. Hakuaga upande wa juu, kwa Elieza. Mwezi huohuo Tabu alifunga mizigo, akamchukua Yoramu kwenda Mlali kwa mama yake.

Elieza aliwafuata huko mara moja, Jumapili, akiwa na sukari na viatu vipya vya mtoto. Aliwakuta shambani. Wajukuu wengine walikuwa wakirukaruka juu ya rundo la mabua, wakisukumana na kuanguka kwa vicheko. Yoramu alikuwa amekaa pembeni, mikono ameikalia.

"Anashinda hivyo," mama mkwe wake alisema. "Hali vizuri. Hata kumshika mwenzake mkono hataki."

Elieza alichuchumaa mbele ya mwanawe.

"Yoramu. Kacheze na wenzako."

"Wakianguka?"

"Watainuka."

Yoramu alimtazama baba yake usoni kwa muda, kwa namna mtoto anavyomtazama mtu mzima aliyewahi kumdanganya, kisha akageuza kichwa kutazama mashamba. Hakutoa mikono.

Tabu alimpa mumewe maji ya kunywa na hakumuuliza kama atalala. Basi la kurudi lilipita mchana. Elieza alilipanda, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatatu, na watoto wangeanza kufika mapema.