Duara Jekundu

Mdogo wangu Mwanaharusi alikuwa akichagua mchele wa hitima huku mwanawe akicheka kwenye simu. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la samli, kioo kimepasuka pembeni, na kila kijana yule alipozamishwa na kuibuka, Mwanaharusi aliuacha ungo, akafuta kidole kwenye kanga, akairudisha nyuma ile filamu ili azame tena. Mimi nilikuwa pembeni yake namenya vitunguu saumu. Nilimwacha arudie. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi, Zuena, nilikuwa mama mkubwa tu.

Sadick, huyo mwanawe, alikufa maji mwaka uliopita, upande wa nje wa kisiwa cha Bwejuu, alikokwenda kupiga mbizi. Wanaume wa Utende, kijijini kwetu, walimtafuta mpaka wakapauka midomo kwa chumvi, hawakurudi hata na shati. Basi hana kaburi. Mtu mwingine akifiwa anapo pa kwenda kung'oa majani siku ya Idi. Mwanaharusi alikuwa na picha ya kitambulisho, ambayo mtoto kakaza uso utadhani kakamatwa na polisi, na alikuwa na ile filamu. Hivyo viwili tu ndivyo alivyoachiwa na bahari.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mapenzi, ya biashara, ya watu kukaa na kulia kisha kucheka. Waliokuja kuipiga walitoka Dar es Salaam na masanduku yao, wakavuka hadi Bwejuu kwenye dago la wavuvi, kambi yao ya msimu, na huko wakakuta jambo lililowapendeza. Katika chombo cha Nahodha Iddi, kijana akipewa fungu lake la kwanza la samaki, nahodha humwongoza mpaka maji yamfike kifuani. Humwekea mkono mmoja utosini na mwingine mgongoni, akamchovya mara tatu. Akiibuka ya tatu, mabaharia wote humwita kwa jina lake, na tangu hapo hatumwi tena kuchota maji ya kunywa. Sisi wanawake hatulioni jambo hilo. Tunaona tu mtoto amerudi nyumbani na macho mekundu na majivuno mapya.

Siku ya Sadick kamera zilikuwepo. Wale watu wakamvika nahodha kanzu nyeupe, wakapiga picha mikono yake bila uso wake, na huko walikorudi wakatia sauti ya kinanda juu yake. Nyuma ya mtoto ulionekana mlingoti wa chombo na foromali, ule mti wa kufungia tanga, imekingama juu yake. Sadick akaibuka mara ya tatu, akatema maji, akacheka. Kisha filamu ikaendelea na mapenzi yake.

Mtu fulani wa mjini, hata leo hatumjui, aliikata sehemu ile akaisambaza. Alimchorea Sadick duara jekundu kichwani, akatia mshale kwenye foromali, na kwa sauti ya kuonya akasema kwamba huo ni msalaba na huo ni ubatizo, kwamba katika filamu nzima umefichwa wito wa kuwavuta vijana wa Kiislamu watoke katika dini yao bila wenyewe kujua. "Tazameni, ndugu zangu, tazameni!" ndivyo alivyosema. Kipande kile kikapita simu hadi simu, kikafika kwenye kundi letu la wakulima wa mwani, katikati ya salamu za Ijumaa na picha za harusi ya mtoto wa watu.

Foromali! Kama foromali ni msalaba, basi Ghuba nzima ya Chole imejaa misalaba, na babu zetu waliokwenda kuhiji kwa vyombo vya tanga walikwenda chini ya nini? Nilimuuliza hivyo jirani yetu Arafa, siku aliyokuja kusimama uani kwetu na kanga imemziba nusu ya mdomo.

"Mimi sisemi kitu, Bi Zuena," akasema. "Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

"Laja na nani? Si wewe unayelibeba?"

Akaondoka amenuna, na nilifurahi. Lakini furaha yangu haikuzuia kitu. Tulifundishwa chuoni, tulikosoma Kurani, kwamba aliyekufa maji ni shahidi, mtu wa peponi. Sasa shahidi wetu wakawa wanamwita murtadi, mtu aliyetoka dinini, chini chini, penye visima na penye kamba za mwani, na mama yake akipita wanaanza kuzungumza habari za mvua.

Mwanaharusi hakunyamaza. Alikwenda kwa Mwalimu Abdulhamidu, aliyemfundisha Sadick Kurani, akamweleza habari ya kuchovywa. Mwalimu akamwita Nahodha Iddi. Sasa, ule uchovyaji ulikwisha kuhubiriwa msikitini kuwa ni uzushi katika dini, na Iddi, mjumbe wa kamati ya msikiti, alisimama siku hiyo mbele za watu akasema kwamba chomboni mwake jambo hilo lilikwisha zamani. Kwa hiyo alipoulizwa aliviangalia viatu vyake. "Mikono haina jina, Mwalimu," akajibu. "Mimi siijui ile." Mabaharia waliokuwepo walikuwa watu wa kuja, wa Kilwa na Rufiji, na dago lilipovunjwa walikwenda zao. Akabaki Iddi peke yake na ulimi wake.

Ndivyo tulivyofika siku ile ya kuchagua mchele, kesho yake ikiwa hitima ya mwaka. Mwalimu alipiga hodi baada ya alasiri, akakaa kwenye baraza, akakataa kahawa.

"Bi Mwanaharusi, nimekuja kwa ajili ya kesho."

"Kesho pana nini, Mwalimu? Mchele huo hapo. Mbuzi yumo bandani. Majuzuu ya Kurani nimeyaomba msikitini."

"Wasomaji, bibie. Wasomaji wanasita." Alisema akitazama chini, na kusema kweli nilimwonea huruma, maana hakuwa mtu mbaya. "Wanasema hawawezi kukaa kusoma katika nyumba ambamo kitu kile bado kinachezwa. Mimi namjua Sadick, nilimshika kidole kwenye alifu yake ya kwanza. Lakini nikija mimi na watoto wa chuo tu, itakuwa hitima ya kujificha. Kiondoe, waje. Nitasimama mwenyewe mlangoni kuwapokea."

"Mtoto alichovywa na nahodha wake!" nikapaza sauti. "Muulizeni Iddi tena!"

"Tulimuuliza, Bi Zuena. Amesema hajui."

Mwanaharusi alikuwa hajanyanyua macho kutoka kwenye ungo. "Nikikiondoa," akauliza, "mtamwombea?"

"Tutamwombea."

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake. Sadick bin Amiri."

Mwalimu alipokwenda, nilimgeukia mdogo wangu na kumwambia yote yaliyokuwa kifuani. Nilimwambia asithubutu. Nilimwambia watu hao wanakuja kwa pilau, si kwa Sadick, na kwamba Mungu anasikia hata dua ya wanawake wawili na kuku wao. Aliniacha nimalize. Ana tabia hiyo tangu utotoni, anakuacha uchoke.

"Dada," akasema, "picha ni yangu mimi. Dua ni ya kwake. Nimnyime?"

Nikarudi kwenye vitunguu vyangu.

Aliicheza mara ya mwisho. Alimwacha azame, aibuke, azame, aibuke, azame, na alipoibuka akicheka, mama yake akacheka naye, kicheko kidogo cha puani. Kisha akachomoa pini ya ushungi, akaitoa simuni kadi ya kumbukumbu iliyobeba filamu, kitu kidogo kama ukucha, akaiangushia motoni chini ya sufuria ya maji. Ilijikunja, ikanuka vibaya, ikaisha. Akarudi kwenye mchele wake.

Kesho yake walikuja. Subhanallah, walikuja mpaka majamvi hayakutosha, tukaazima mikeka kwa Arafa. Mwalimu alisimama mlangoni kama alivyoahidi. Udi ukafukizwa, majuzuu yakagawiwa, na sisi wanawake tukiwa jikoni tukasikia kupitia ukutani ile sauti ya watu wengi wakisoma kila mmoja pake. Mwanaharusi alisimama na mwiko mkononi, amefumba macho. Uso wake ulikuwa umelegea, jambo ambalo sikuliona kwake mwaka mzima. Nikasema moyoni, labda alijua kuliko mimi.

Kisha kule barazani sauti moja ikakwama. Wenzake waliendelea kidogo, wakapunguza, wakanyamaza. Ikasikika sauti ya Nahodha Iddi.

"Mikono ile ni yangu."

Akasema tena, kwa sauti zaidi.

"Mikono ya kwenye ile picha ni yangu mimi. Kanzu waliniazima wao. Nilimchovya mara tatu kama baba yangu alivyonichovya, na kama marehemu baba yako alivyochovywa, Mwalimu. Hapakuwa na ubatizo wala mbatizaji. Palikuwa na mimi."

"Nahodha," Mwalimu akasema polepole, "tulipokuuliza, mbona hukusema?"

"Nilikwisha sema msikitini nimeliacha. Niliona haya." Akavuta pumzi. "Sasa mmenipa juzuu nimsomee mtoto niliyemkana. Herufi hazikai, Mwalimu. Nazitazama, hazikai."

Nilitaka kutoka nikamwambie neno. Nilikwisha kujifunga kanga kiunoni. Mwanaharusi alinizuia kwa mwiko, namna unavyomzuia kuku asiingie ndani. Kule nje Mwalimu akaichukua ile juzuu ya Iddi, akaisoma yeye mpaka mwisho, kisha akainua mikono akaomba kwa jina la Sadick bin Amiri, na watu waliitikia amina kwa nguvu. Nguvu nyingine, nadhani, ilikuwa ya aibu.

Tulipopakua, huruma ikaanza. Huruma ya watu walioshiba! Huyu anasema alijua tangu mwanzo, yule anasema hata yeye alichovywa, mwingine anataka filamu itafutwe upesi, mama arudishiwe mtoto wake. Abubakari, mwenye kibanda cha video, ndiye aliyeiweka ile filamu kwenye kadi zamani, na nakala yake alikwisha kuifuta kwa kuogopa watu. Akaitafuta mtandaoni pale pale, akiwa na wali bado mkononi. Filamu aliipata. Lakini wenye filamu nao walisikia makelele, wakaogopa hasara, wakakikata kipande kile. Chombo kinaonekana kinakuja Bwejuu, halafu ghafla ni harusi, watu wanarusha maua. Abubakari alirudisha nyuma, akapeleka mbele, akarudisha tena. Mwishowe akaja mlango wa jikoni akatuonyesha.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema Arafa, akitikisa kichwa.

Nikamwambia afadhali aoshe masinia.

Nahodha Iddi alikuja wa mwisho, mlango wa uani, kofia mkononi. "Bi Mwanaharusi, nisamehe."

Mdogo wangu alifuta mikono kwenye kanga. Nilingoja amtukane, nilimwombea amtukane.

"Ulimshika mgongo vizuri?" akamuuliza.

"Nilimshika, bibie."

"Alikuwa mwepesi?"

"Mzito." Mzee wa watu akaikunja kofia yake. "Alikuwa akicheka, na anayecheka ni mzito kumchovya."

Mwanaharusi akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeletewa kitu alichokiagiza. "Haya, kale pilau lako, Nahodha, litapoa."

Watu walitawanyika kabla ya alasiri. Tulikunja mikeka, tukamwaga majivu, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi ya nazi nikipumzisha miguu, alipokuja mdogo wangu akakaa karibu nami, bega kwa bega, tulivyokuwa tukikaa tulipokuwa wasichana.

"Dada, kile kipande cha yule mtu wa mjini. Unacho bado?"

Nilikuwa nacho. Kilikuwa kimelala kwenye kundi la mwani, sikuwahi kukifuta kwa sababu sikutaka hata kukigusa. "Cha nini kile?" nikasema. "Kimejaa matusi."

"Nipe."

Nikampa simu. Kwanza kabisa alibonyeza pembeni, akaishusha sauti, akaishusha, mpaka yule mtu wa mjini akanyamaza kabisa. Kisha akakicheza. Kinanda hakikusikika. Mshale ulikuja ukatulia kwenye foromali, akaufunika kwa kidole gumba. Mikono ya Iddi ikashuka. Lile duara jekundu likamfuata Sadick majini na kutoka majini, kila aendako lipo naye, na ndani yake akaibuka, akatema maji, akacheka.

Mimi nilianza kulia. Yeye hakulia. Alikuwa ameinama, pua karibu iguse kioo.

"Si vibaya, dada," akasema. "Wamemzungushia. Hata macho yangu yakija kuzeeka, nitamwona yuko wapi."

Akairudisha nyuma, azame tena.