Paka wa Juu ya Kabati

Kwa mihula miwili mfululizo nilikuwa mchambuzi wa filamu wa gazeti la ukutani la shule yetu ya bweni. Cheo hicho si cha mchezo. Gazeti lenyewe ni karatasi nne tu zilizobandikwa ubaoni nje ya bwalo la chakula, lakini mwenye safu ya filamu ndiye anayechagua filamu ya Jumamosi alasiri, na anayechagua filamu ya Jumamosi husalimiwa kwanza hata na wakubwa wake.

Msimamo wangu ulijulikana. Mtu anayesikia mlio chini ya ngazi halafu akashuka kuuliza "nani hapo?" sina huruma naye, amejitakia, na muda wa kumlilia upunguzwe. Tamthilia za majoka na wafalme nazipenda, ila nazishuku: farasi wanakimbia siku tatu bila kunywa maji, na kila mrithi wa kiti aliyepotea porini hupatikana akiwa na meno meupe. Mazimwi, kwa maoni yangu, yaonekane mara moja tu, tena nusu.

Hilo la mwisho lilikuwa na sababu yake. Zimwi likikaribia, mimi hufumba macho. Muziki ukianza kunyata, navuta sweta hadi kwenye nyusi kama mtu aliyeshikwa na baridi, nasikiliza, kisha naandika. Kwa mihula miwili nilichambua mazimwi kumi na tisa, na sikuwahi kuliona hata moja.

Jumatatu moja nikakuta kikaratasi chini ya safu yangu, kimeandikwa kwa penseli: "Mwandishi huyu hatazami." Jumatatu iliyofuata kikaja kingine: "Bado hatazami."

Mhariri wetu, tuliyemwita Wakili kwa sababu aliweza kubishana hata na kengele, alinivuta pembeni.

"Mchambuzi, haya ni kweli?"

"Wivu tu huo."

"Basi mtafute mwenye wivu kabla hajanifikia. Ushahidi ukiletwa kwangu, safu nakupokonya, na filamu nachagua mimi."

Alisema hayo akitabasamu, na tabasamu lile sikulipenda. Tangu siku hiyo nikaanza kumshuku yeye, nikamshuku jirani yangu wa kitanda cha juu, nikamshuku matroni kwa namna alivyoyatazama masweta yetu. Nikaamua kutega mtego.

Jumamosi tuliangalia filamu ya mjane na nyumba yenye vyumba vingi kuliko madirisha. Katika safu yangu niliandika kwamba hofu halisi ilikuwa pale paka mweusi mwenye jicho moja alipochungulia kutoka juu ya kabati. Paka huyo nilimtunga mwenyewe. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: atakayekuwa wa kwanza kulalamika kwamba hakuna paka, ndiye adui.

Hakulalamika mtu.

"Yule paka," jirani wa kitanda cha juu alisema kwenye chai, "nusura nitoke nje."

"Jicho lile," mwingine akatikisa kichwa.

Kiranja wa bweni, jitu la mabega mapana, alisema paka hakumtisha sana, ila kabati. Na Wakili mwenyewe akaniwekea mkono begani: "Alivyogeuza shingo vile, kaka, hapo wameweza."

Niliwatazama mmoja mmoja. Ama walikuwa wamekula njama, ama paka alikuwepo kweli na mimi ndiye niliyemkosa. Kufikia jioni nilikuwa najishuku mwenyewe.

Jumatano kikaja kikaratasi cha tatu: "Hakuna paka." Safari hii nilikinusa. Kilinuka majani ya chai, na upande wa nyuma kilikuwa na rangi ya pakiti.

Nilikwenda jikoni. Mpishi wetu, Mama Mwiko, alikuwa ameinamia sufuria inayotosha kuogea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chai imekwisha."

"Sikuja kwa chai. Nimekuja kwa paka."

"Umechelewa. Nakungoja tangu kikaratasi cha kwanza."

Akanionyesha dirisha la kugawia chakula. Jumamosi shuka la kuonyeshea filamu hutundikwa hapo hapo, bwalo likiwa mbele yake na jiko nyuma yake.

"Nyie mnaitazama mbele, mimi naitazama nyuma. Kwangu watu wote ni mashoto, lakini nawaona. Na pembeni pana upenyo, kwa hiyo nawaona na nyie."

"Wote?"

"Wote. Wewe na sweta lako. Yule kiranja wenu anasoma kamba za viatu vyake."

"Wewe huogopi, mama?"

"Naogopa sana. Ndiyo maana nakaa karibu na mlango." Akakwangua ukoko kidogo. "Jeshi la watu elfu kumi linavuka milima, sijaona hata sufuria moja. Nyumba ikiwa na shetani, mpishi ndiye wa kwanza kufa, tena jina hana. Haya huyaandiki, mwanangu, kwa sababu huyaoni. Unatuandikia makelele tu."

"Utaenda kwa Wakili?"

"Mimi nina vyombo. Kama ni kwenda, nenda wewe."

Niliandika nusu ukurasa: paka hakuwepo, na mimi sikutazama. Wakili aliusoma mara mbili.

"Hakuwepo?"

"Hakuwepo."

"Mimi nilimwona."

"Mlimwona wengi."

Akaukunja taratibu. "Sikiliza. Hii ikibandikwa, bweni zima ni waoga, pamoja na mhariri. Tumwache paka aishi. Safu baki nayo."

Ilikuwa zawadi nono, na ndiyo iliyonitia wasiwasi. Watu walioapa kumwona paka wangu wangeapa kuona chochote nitakachoandika, na kila sifa ambayo wangenipa ningeinusa kwanza kama kile kikaratasi. Nikauchukua ukurasa mkononi mwake, nikaubandika mwenyewe.

Wenzangu wakaja kuusoma. Nilitegemea kuzomewa. Nilichosikia ni mtu nyuma akimnong'oneza mwenzake, "Mimi nilifumba tangu jina la filamu." Kufikia mchana Wakili alikuwa ameshanifuta kwenye safu: ushahidi umeletwa, alisema, hata kama umeletwa na mshtakiwa.

Jumamosi alichagua yeye, filamu ya zimwi la ziwani. Nilikaa mstari wa pili, sweta nimeliacha bwenini, mikono nimeikalia. Muziki ukaanza kunyata. Maji yakafunguka, likatoka, na nikaona lina zipu mgongoni. Nikataka kucheka. Kisha likageuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa usingizini na hajui nani kamwita, na moyo ukanidunda hadi kwenye meno. Sikufumba. Yote haya yangefaa safu nzima, na sikuwa na safu.

Kiwiko kikanigusa. Alikuwa Wakili, macho ameyabana kama mtu aliyeingiwa na sabuni.

"Limefika wapi?" alinong'ona.

Nikaanza kumweleza, zipu na yote.